Krenki ya Sitini na Moja

Tangu Raheli aanze kufunga krenki pale Mandewa, hakuna krenki yake iliyowahi kurudi. Alilijua hilo yeye mwenyewe, walilijua mafundi wenzake wa kijiweni, na hata mgeni aliyeingia Singida na pikipiki inayogonga angelijua kabla hajamaliza chai, maana watu walilisema bila kuulizwa. Krenki sitini zilikuwa zimetoka mikononi mwake, na zote bado zilikuwa barabarani zikibeba vitunguu, alizeti, wagonjwa na maharusi. Kwa hiyo Jumatano ile, saa tatu asubuhi, Kombo alipotokea kwenye kona akisukuma pikipiki yake kwa mikono, shati limemlowa mgongoni, mafundi wote wa kijiweni waliweka spana chini. Hiyo ilikuwa ya sitini na moja.

"Imegonga," Kombo alisema, akaiegesha mbele ya banda la Raheli. "Imenigongea Ihanja jana jioni. Nimeipandisha kwenye lori la vitunguu mpaka stendi, na kutoka stendi nimeisukuma."

"Imegonga vipi, kaka Kombo?"

"Fundi ni wewe, halafu unaniuliza mimi?"

Krenki, kwa asiyejua, ni kile chuma kizito kilichojificha tumboni mwa injini. Pistoni hupanda na kushuka, na krenki ndiyo inayogeuza kule kupanda na kushuka kuwa kuzunguka, mpaka ukafika unakokwenda. Kati yao kuna mkono wa chuma uitwao konrodi, na mkono huo, pale unapoikumbatia krenki, hukalia beringi ya vijiti vya chuma vifupi kama njiti za kiberiti zilizokatwa nusu. Beringi hiyo ikifa, konrodi hulegea na kuanza kugonga mle ndani kama mchi kwenye kinu, na mwenye pikipiki huanza kutafuta lifti ya kurudi nyumbani.

Mafundi wengi, injini ikishafika hapo, huitupa krenki nzima na kumtuma mteja akanunue mpya, na hizo mpya nyingine hufika dukani zimeshapinda. Raheli hakuwa fundi wa hivyo. Yeye aliikandamiza krenki kwa jeki mpaka ikaachana vipande viwili, akatia pini mpya, konrodi mpya na beringi mpya, akaviunganisha tena, kisha akaanza kazi ambayo pale kijiweni hakuna mwingine aliyekuwa na subira nayo, yaani kuinyoosha. Aliilaza juu ya vyuma viwili, akaizungusha polepole huku macho yake yako kwenye mshale wa saa ya kupimia, ile inayoonyesha chuma kimepinda kiasi gani, akaigonga kwa nyundo ya shaba, akaizungusha tena, akaigonga tena, asubuhi nzima kama ilibidi. Saa ile aliinunua kwa mavuno mawili ya alizeti ya mama yake huko Iramba. Siku alipoileta kijiweni mara ya kwanza mafundi walimcheka mpaka wakakaa chini, lakini hawakucheka muda mrefu. Krenki ikishanyooka, Raheli aliipiga alama ya R pamoja na namba yake, na tuseme ukweli, aliipiga kubwa kuliko ilivyohitajika. Alikuwa anaringa, na alikuwa na haki ya kuringa.

Sasa hii ya sitini na moja haikuwa krenki ya mtu mmoja. Kombo alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha bodaboda cha Mwankoko, kikundi chenye pikipiki arobaini na mbili, na wanachama wake walikuwa wamechoka kufiwa na injini. Mwezi uliopita walikaa wakakubaliana kwamba injini ya mwenyekiti itangulie kwa Raheli kama mtihani. Ikifika Ijumaa ya pili tangu ifungwe bila kugonga, basi pikipiki zote arobaini na mbili zitakuwa chini ya mkono wake, na atajengewa banda lake Mwankoko, la bati na sakafu ya saruji. Kwa mwanamke aliyeanza ufundi kwa kuosha spea na petroli kwenye banda la mtu mwingine, hilo halikuwa jambo dogo. Mama yake alishawaambia majirani. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Habari za injini kufa hazihitaji gazeti. Kufika saa nne, madereva zaidi ya ishirini walikuwa wamesimama mbele ya banda, na Luqmani wa duka la spea, ambaye huuza krenki mpya na hana sababu ya kupenda krenki zinazofufuliwa, alikuwa amevuka barabara na kikombe chake cha kahawa mkononi.

"Saa ilionyesha saa ngapi siku hiyo?" Luqmani aliuliza, na baadhi ya watu wakacheka.

Raheli alimpa mgongo. Akamwona Mzee Bonifasi anakuja taratibu, mikono nyuma. Huyu ndiye mwenye lile banda alikoanzia kuosha spea, na ndiye aliyemfundisha ufundi wote isipokuwa krenki, ambayo alijifunza mwenyewe kwa kuharibu krenki mbovu moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole." Mzee Bonifasi aliinama, akapitisha kidole kwenye ubavu wa injini, akakinusa, akakisugua na dole gumba. Kidole kilikuwa kinanata. "Alizeti," akasema.

Neno hilo lilisambaa kwenye kundi kabla mzee hajanyooka. Maana mwaka uliopita kulitokea dereva mmoja huko vijijini, oili imemwishia porini, duka la oili liko mbali na dumu la mafuta ya alizeti liko hapo hapo nyuma ya kiti. Akajiambia mafuta ni mafuta, akamimina. Alivuka vijiji vitatu akiimba. Cha nne hakukivuka, kwa sababu alizeti ikichemka ndani ya injini huganda, na ile yake ilikuja kufunguliwa imeshikana kama ugali uliolala. Kiangazi chote watu walimcheka, na tangu hapo kila injini iliyokufa mkoani Singida ilishtakiwa kwa alizeti kwanza, mengine baadaye.

"Mwenyekiti!" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Kumbe na wewe unakaanga!"

"Dumu lilinivujia," Kombo alisema. "Nabeba mafuta kutoka Ihanja kila siku, mnaniona. Dumu limenivujia njiani likamwagikia injini kwa nje. Ndani nimeweka oili, lita nzima, nimeimwaga ya zamani na kuweka mpya mimi mwenyewe."

"Kila aliyeweka alizeti husema hivyo hivyo."

"Wallahi sijaweka!"

Walicheka zaidi. Kombo alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, mtu wa msikitini, mwenye maneno machache, na tangu awe mwenyekiti hakuna aliyewahi kumcheka usoni. Alikaa juu ya tairi bovu, akatazama chini. Madereva waliokuwa wamesimama karibu naye walisogea kidogo, mmoja mmoja, kama ambavyo watu husogea.

"Hakuna mtu atakayehukumiwa injini haijafunguliwa," Raheli alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Naifungua sasa hivi, hapa hapa nje. Asiye na haraka asimame aone."

Alitandika gunia chini. Akakinga beseni, akamwaga oili, ikatoka nyeusi, ndani yake kunameta unga wa chuma. Akafungua kichwa, akatoa silinda. Akafungua kifuniko cha upande wa klachi, akakiweka mezani nyuma yake, gasketi, ile karatasi inayobanwa kati ya vyuma ili oili isivuje, ikiwa bado imegandia juu yake. Akapasua injini katikati, akaitoa krenki, akaifuta kwa kitambaa. R, na chini yake 61. Hakukuwa na ubishi wa nani aliyeifunga.

Akailaza juu ya vyuma vyake viwili, akaisogeza ile saa, akaizungusha. Watu walibanana kama wanaotazama mpira kwenye televisheni moja. Mshale ulitikisika kidogo sana, ukarudi, ukatikisika, ukarudi.

"Mistari miwili," alisema dereva aliyekuwa karibu zaidi, mwembamba, jina lake Leonard. "Siku unaifunga nilikuwepo. Ilikuwa mistari hiyo hiyo miwili."

"Hiyo hiyo," Raheli alisema.

Krenki ilikuwa imenyooka. Imekimbia siku tisa na mizigo ya mafuta, imekufa, na bado ilikuwa imenyooka kama siku aliyoiacha. Watu wawili watatu walipiga makofi. Raheli hakujizuia kumtazama Luqmani. Luqmani alikunywa kahawa yake.

Kisha akaishika konrodi, akaivuta juu na chini. Ilicheza. Pale ilipokumbatia krenki, chuma kilikuwa kimegeuka rangi, buluu na zambarau kama shingo ya njiwa, na vile vijiti vya beringi vilikuwa vimeungua na kulika upande mmoja.

"Imekufa kwa kiu," alisema. "Oili haikuifikia."

"Alizeti!" walijibu wengi kwa pamoja, kama darasa.

Raheli alichovya vidole kwenye beseni. Akasugua, akanusa. Ilikuwa oili ya injini, ya kawaida, nyeusi kwa moto, lakini hainati na hainuki alizeti hata chembe. Kombo alikuwa amesema kweli. Mafuta yaliyokuwa nje yalibaki nje. Basi oili ilikuwepo, nzuri, ya kutosha, na bado beringi imekufa kwa kiu. Aligeuka mezani akachukua kile kifuniko, ili aifuate njia ya oili hatua kwa hatua. Oili hupandishwa na pampu, hupita kwenye tundu dogo la kifuniko, huingia kwenye ncha ya krenki, na kutoka hapo humfikia mwenye kiu.

Akalitazama tundu dogo, akakisogeza kifuniko karibu na macho.

Pale Mandewa, kama sehemu nyingi, gasketi ya karatasi haipatikani kila siku dukani, kwa hiyo mafundi huitengeneza. Unaitandika karatasi ngumu juu ya chuma, unaigonga kwa nyundo ndogo kuzunguka kingo mpaka chuma kiikate chenyewe. Kwenye matundu unaweka gololi ya beringi kuukuu, unaipiga mara moja, tundu linatoka safi. Ndiyo kazi ya kwanza anayofundishwa fundi yeyote, hata kabla hajaruhusiwa kushika spana. Raheli alishatengeneza gasketi zaidi ya elfu moja. Na siku ile ya krenki ya sitini na moja, wanakikundi wakiwa wamemzunguka, wakishangaa ile saa na yeye akiwaeleza mshale unasema nini, gololi ndogo ilidondoka ikapotea vumbini. Hakutaka kuinama kuitafuta mbele ya watu wanaomsikiliza. Alichukua msumari, akatoboa, akaendelea kueleza.

Msumari haukati karatasi, huisukuma tu. Kipande kilichosukumwa kilibaki kimening'inia, na oili ya moto ilipokilainisha kikarudi polepole mahali pake, siku baada ya siku, mpaka tundu likabaki na upenyo usiozidi unene wa uzi. Sasa alikuwa anakiona, ulimi mdogo mweusi wa karatasi, umelala vizuri kabisa juu ya tundu la oili.

Mzee Bonifasi alikuwa amesimama begani kwake. Macho yake yalikuwa ya kizee lakini kazini hayakukosea, naye alikuwa ameuona. Akasogea, akasema kwa Kinyiramba, taratibu, maana Kombo na watu wake ni wa mjini na hawakukijua.

"Ikwangue, mwanangu. Gasketi kuukuu hukwanguliwa, hakuna atakayeshangaa. Ikwangue, uoshe na petroli. Watu wameshaamini alizeti, na krenki yako wameiona imenyooka. Miaka kumi na miwili nimekuona unapanda. Sitaki uanguke kwa kitundu kama hiki."

Hakuwa anasema kwa ubaya. Raheli alijua kwamba mzee alikuwa anampenda kama mtoto wake. Kikwanguo kilikuwa pale mezani, nusu mkono kutoka vidole vyake. Ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Aliliona banda la Mwankoko na sakafu yake. Alimwona mama yake anavyotembea siku hizi, kichwa juu. Akajichukia kwa ule msumari, akajichukia kweli kweli, kwa hasira ambayo hajawahi kuwa nayo juu ya mtu mwingine yeyote. Sitini zote zile hakuna aliyezikamata kwa kosa, na hii ya sasa ilikuwa imenyooka! Angeshtakiwa vipi kwa karatasi, yeye aliyenyoosha chuma?

Akainua macho, akamwona Kombo juu ya tairi, peke yake, akifikicha kitambaa.

"Hapana, mzee," alimjibu kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini. "Unisamehe." Kisha akageukia watu na kusema kwa Kiswahili. "Sogeeni. Na wewe kaka Kombo, njoo mbele."

Akachukua kopo la oili lenye mdomo mrefu, akaingiza mdomo kwenye njia ya kifuniko, akabonyeza. Upande wa pili likatokea tone moja. Watu wakasubiri. Likatokea la pili. Akachukua bisibisi nyembamba, akaunyanyua ule ulimi wa karatasi, akabonyeza tena, na oili ikaruka mpaka kwenye kiatu cha Luqmani.

"Hii gasketi nimeitengeneza mimi," Raheli alisema. "Tundu nimelitoboa kwa msumari, kwa haraka, kwa sababu nilikuwa najionyesha kwenu. Karatasi ikaziba njia. Oili ya kaka Kombo ni nzuri, hakuna alizeti humu ndani, nuseni wenyewe. Krenki imekufa kwa kiu na aliyeinyima maji ni mimi."



"Kwa hiyo," Luqmani alisema, akipangusa kiatu, "fundi wa saa ameshindwa na karatasi."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Kilimchoma Raheli kama alivyojua kingemchoma. Hakutazama chini.

"Ndiyo," alisema. "Nimeshindwa na karatasi. Kaka Kombo, mbele ya hawa waliokucheka nakuomba radhi. Injini naifunga upya kwa spea zangu, mkikubali. Msipokubali, nitaifunga hivyo hivyo kisha muipeleke mnakotaka."

Kombo alikuwa amesimama. Alilichukua beseni, akalipitisha puani kwa yule aliyempigia kelele za kukaanga, kisha kwa mwenzake, kisha kwa wa tatu, na kila aliyenusa aliacha kucheka. Alipofika kwa Leonard, Leonard hakunusa.

"Mimi yangu imegonga mara tatu," Leonard alisema. "Mafundi watatu. Wa kwanza alisema namwaga oili kwa kuchelewa. Wa pili alisema nabeba mizigo mikubwa. Wa tatu alisema sijui kuendesha. Naimwaga kila wiki, jamani. Nimeimwaga kila wiki, na mke wangu mpaka leo anaamini mimi ndiye niliyeiua."

Madereva walikuwa wanatazamana, na kila mmoja alikuwa na injini yake anayoikumbuka.

"Wa pili nilikuwa mimi," Mzee Bonifasi alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Sikuitazama njia ya oili. Nilisema mizigo kwa sababu niliona gunia."

Alisema hivyo akitazama mikono yake, akaenda kukaa kwenye benchi la Raheli. Raheli alimpelekea maji, akayapokea kwa mikono miwili.

Kombo alilirudisha beseni mahali pake. Akaibandua ile gasketi kwenye kifuniko, akaishikilia juu kuelekea jua, akalitazama tundu na ulimi wake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Ijumaa wataniuliza ni nani aliyeiua injini yangu," alisema.

"Waambie Raheli."

"Nitawaambia Raheli." Aliikunja gasketi kwa uangalifu, akaitia mfuko wa shati. "Na wakiniuliza tuzipeleke wapi hizi arobaini na moja zilizobaki, nitawajibu vilevile."